Ukuta Katikati ya Tanuri

Jumapili, 3 Machi

Mvua imefika. Imeanza Mama akiwa anasali, na kwa kuwa Mama husali kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara, mpaka sasa sijui kati yake na mvua ni nani alimnyamazisha mwenzake. Bati la banda limepigwa mchana kutwa, na hakuna kilichokauka, hata taulo.

Nimeamua kuandika shajara msimu huu kwa sababu nasema sana. Kaka anasema hivyo, mdogo wangu anasema hivyo, na marehemu mume wangu alikuwa akisema hivyo huku anacheka. Sasa hapa nyumbani pana ugomvi, na mdomo kama wangu penye ugomvi ni kuni kavu. Basi nusu ya maneno nitayaweka hapa.

Ugomvi wenyewe ni huu. Sisi ni wachoma vigae vya kuezekea. Uwanja ni wa Mama, na tanuri alilijenga Baba, kubwa, lenye midomo miwili. Kaka hutia kuni mdomo wa kushoto. Kitinda hutia wa kulia. Kitinda ndiye kitindamimba wetu; ana mke na ndevu, lakini jina halijamtoka. Mimi nakanda udongo na kupanga vigae ndani, maana mlango wa tanuri ni mdogo na mwili wangu haukubali kunenepa. Moto unaingia kwa midomo yote miwili, unakutana katikati, ndipo unapanda juu. Lazima kuni ziingie pande zote kwa pamoja, la sivyo upande mmoja unaungua na mwingine unabaki mbichi. Lakini watia kuni hawaonani, tanuri limekaa kati yao. Kwa hiyo Baba aliwafundisha kuitana. Wa kushoto anapaza sauti, "Natia!" Wa kulia anajibu, "Tia, nami natia!"

Mwezi uliopita vigae vilipasuka. Kaka anasema aliita mpaka koo likakauka, Kitinda hakujibu, maana yake alikuwa amesinzia. Kitinda anaapa alijibu kila mara. Kaka akasema mbele ya mafundi wa ujenzi waliokuja kuchukua mzigo, "Huyu moto haumfai. Mtafutieni kuku achunge." Kitinda akaweka koleo chini, akaondoka. Tangu siku hiyo hawasemeshani.

Ukimuuliza yeyote kati yao, anakunja uso, anatazama juu na kusema, "Mimi nimemwachia Mungu."

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Udongo unateleza, watu wamenuna.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimegundua cheo changu kipya: mimi ni barabara. Maneno yote yanapita juu yangu.

Tulikuwa tunakunywa chai. Sukari ilikuwa mbele ya Kitinda, na Kitinda alikuwa mbele ya Kaka, meza ni moja.

"Mwambie mdogo wako asogeze sukari," Kaka akaniambia.

"Mwambie kaka yako ana mkono mrefu, ajichukulie," Kitinda akaniambia.

Nikamgeukia Kaka uso kwa uso. "Kitinda anasema, karibu sukari, kaka yangu mpendwa."

Mama alipaliwa na chai. Wifi mkubwa, mke wa Kaka, akajificha nyuma ya birika. Wifi mdogo, mke wa Kitinda, ambaye tumbo lake siku hizi linafika mezani kabla yake, alicheka mpaka akashika ubavu. Wanaume wawili tu ndio hawakucheka. Kitinda aliisukuma sukari kwa kidole kimoja, kama anasukuma nge.

Jioni Mama akasali: "Ee Mungu, wamo watu wawili humu ndani, siwataji. Mmoja ana upara, mwingine ana ndevu. Waguse, Bwana. Ukiona wagumu, wagonge." Kuta zetu ni nyembamba. Naamini kila mtu alisikia isipokuwa Mungu, ambaye huenda alishaziba masikio kwa makelele.

Jumatatu, 11 Machi

Mkunga wa zahanati amekuja na buti zimejaa maji. Upepo wa juzi umeezua wodi ya wazazi nusu nzima. Akina mama na vichanga vyao wamehamishiwa kwenye stoo, katikati ya ndoo na mifagio. Anataka vigae kabla mvua kubwa haijaanza.

"Mnaweza?"

Kaka akaniambia mimi, "Mwambie tunaweza."

Kitinda akaniambia mimi, "Mwambie hata sisi wa upande huu tunaweza."

Mkunga alitutazama mmoja mmoja kama mtu anayepima homa. Alipokuwa anaondoka alimpapasa wifi mdogo tumbo pale pale mlangoni, akaniita pembeni. Mtoto hajageuka. Anaweza kugeuka mwenyewe, anaweza asigeuke. "Huyu asizalie nyumbani, hata mniite kwa magoti. Namtaka kwangu, na namtaka chini ya paa."

Jumanne, 12 Machi

Tumeanza kutengeneza vigae. Makalibu ya kufyatulia ni yale yale, udongo ule ule. Kaka kachukua upande wa mlango, Kitinda upande wa dirisha.

Jumamosi, 16 Machi

Sijui nicheke au nilie, kwa hiyo nimefanya yote mawili.

Wamegawana. Kwanza waligawana banda kwa kamba. Halafu wakagawana chanja za kukaushia vigae. Halafu wakagawana kuni, zilizonyooka huku, zilizopinda kule, na hapo wakagombana kuhusu kupinda, kupitia mdomo wangu. Leo asubuhi Kitinda akafunua paa la tanuri, kwa kuwa mlangoni hapiti, akashuka na matofali, akaanza kujenga ukuta katikati. Kaka alipoona, nilidhani atamvuta mguu. Badala yake akashuka upande wake naye akajenga, kisha wakalifunika tena. Tangu ugomvi uanze hiyo ndiyo kazi ya kwanza kuifanya pamoja, na wameifanya vizuri, ukuta umenyooka kama uzi.

Watu waliozaliwa kwa moto huu! Wanajua kabisa moto lazima ukutane katikati. Hata mtoto mdogo anajua. Lakini hasira ikiingia mlangoni, akili hutokea dirishani.

Nikamwambia Kaka akiwa ameinama ndani, "Kaka, hili halitavuta." Hakugeuka. Siku hizi Kaka ukimsemesha kutoka nyuma hageuki, anajifanya mfalme. Nikarudia mara mbili, nikarudi kwenye udongo wangu.

Jumatano, 20 Machi

Vigae vinakauka polepole chini ya banda. Kwa kushindana wametengeneza vizuri kuliko miaka yote, hakuna hata kimoja kilichopinda. Chuki nayo ina ufundi wake.

Mimi naomba. Asubuhi naomba, nikikanda udongo naomba. Namwambia Mungu, walainishe hawa. Kisha nawachungulia kuona kama wamelainika.

Nimemuuliza Mama kwa nini hawakemei. Alikuwa anahamisha kuni zake za jikoni kutoka panapovuja.

"Nimeshawaombea."

"Na mvua hii umeiombea ikatike?"

"Nimeiombea jana."

"Sasa mbona unahamisha kuni?"

Akanitazama kama mimi ndiye ninayevuja. "Mwanangu, kuomba nimeomba. Kuni ni zangu."

Jumamosi, 23 Machi

Kaka amewasha nusu yake. Alitia kuni, moto ukanung'unika, ukarudi kumtazama. Alitia zaidi, ukamtolea moshi usoni. Jioni alitoka mweusi, macho mekundu, akasema, "Limechoma vizuri sana." 

Jumanne, 26 Machi

Tumefungua. Vigae vya Kaka vilivyokuwa karibu na ukuta vimetoka vibichi. Niliweka kimoja nje kwenye mvua, baada ya muda kikawa uji.

Kitinda alicheka kwa sauti. Akawasha nusu yake saa ile ile, kuonyesha watu. Yeye akatia kuni kwa fujo, mdomo wa kulia ukawaka kama mdomo wangu, na vigae vya mbele vikashikana vikawa jiwe moja. Vya nyuma, ukichungulia mdomoni, moto haukuvifikia. Kuku wote wa Mama walihamia kwa jirani kwa moshi. Sasa akacheka Kaka. Mara ya kwanza nimemwona anacheka tangu kiangazi, na nilitamani kumtia udongo mdomoni.

"Nimemwachia Mungu," akasema Kitinda, ananawa.

"Hata mimi nimemwachia Mungu," akasema Kaka, anaenda kulala.

Mungu wa watu, mzigo wote kaachiwa Yeye.

Alhamisi, 28 Machi

Leo siandiki kwa utani.

Mkunga amekuja tena. Hakukaa. Stoo nayo imeanza kuvuja. Mvua kubwa ikianza atafunga wodi, na wazazi wote wataenda hospitali ya ng'ambo ya mto. Kitinda akasema, "Basi tutavuka." Mkunga akamwambia jana maji yalipita juu ya daraja. Akamgeukia wifi mdogo, akampapasa, akatikisa kichwa. Mtoto bado hajageuka. "Siku yako si mbali, binti. Nisikudanganye."

Wifi mdogo hakulia mbele yake. Alikuja kulia kwangu, kwenye udongo, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Wifi," akaniambia, "mume wangu nampenda, shemeji namheshimu. Lakini mtoto wangu atazaliwa wapi? Juu ya ukuta wao?"

 Nilimfuta uso, nikampaka udongo, tukacheka kidogo, akalia tena.

Baadaye nimekaa peke yangu nikaomba, na leo sikuomba kwa adabu. Nilisema, Mungu, unaona, mbona umenyamaza? Nikangoja. Mvua tu. Na katika kungoja nikalisikia lile neno la ndugu zangu, nimemwachia Mungu, nikalisikia kwa sauti yangu mwenyewe. Wao wanamwachia Mungu kama mtu anayeacha vyombo vichafu akitumaini mwingine ataosha. Wanaita imani, kumbe ni kununa. Na mimi je? Mimi naomba kutwa nzima nikichungulia, na ukuta ninaupita kila asubuhi, na nyundo ninayo. Sijaugusa. Si kwa sababu ya imani. Naogopa. Mume sina, watoto sikujaaliwa, hawa wawili ndio watu wangu. Wakinikasirikia wote kwa pamoja nitabaki na nani?

Ndiyo, nimeliandika. Naogopa.

Nikaenda kwa Mama, maana tanuri ni lake. Nikamwambia nataka kuvunja ukuta, lakini labda tungoje kidogo, tuone Mungu atafanya nini.

Mama akaacha kukuna nazi. "Mimi nimeomba wiki hizi zote. Mtu mwenye mikono, tena mwembamba kuliko mlango wa tanuri, yuko mmoja humu ndani. Unangoja nini, malaika mwenye nyundo?"

Ijumaa, 29 Machi

Nimevunja.

Nilitaka kufanya wakiwa wamelala, kisha nikaona aibu. Jambo la haki halifanywi kwa kunyata. Nilingoja wamalize chai, wote wawili wakiwa uwanjani, kila mmoja upande wake wa kamba. Nikawaaga kama naenda sokoni. "Kaka, Kitinda, naenda kuvunja ukuta wenu." Kaka alikuwa amenipa mgongo, hakugeuka. Kitinda alidhani natania, kwa kuwa natania siku zote. Hayo ndiyo malipo ya mdomo wangu.

Mbele ya mlango wa tanuri nilipiga magoti, kwanza kwa sababu huwezi kuingia bila magoti, pili nikaona nikiwa huku chini niombe kabisa. Nikasema: Mungu, huu wa matofali nauvunja mimi. Ule mwingine siuwezi, huo ni wako. Nikaingia.

Tofali la kwanza lilikuwa gumu. La pili likalegea. Ilipoanguka safu ya juu nilisikia Kitinda anapiga kelele, kisha miguu, kisha vichwa viwili mlangoni, cha ndevu na cha upara, wanaziba mwanga.

"Toka humo!"

"Sitoki," nikasema, nikapiga.

"Dada, utaangukiwa!"

"Basi nitakuwa nimezikwa kwenye nyumba ya baba yangu. Sogeeni, mnanizibia mwanga."

Nilipiga, nikakohoa, nikapiga. Na hapo, wallahi, nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope, nikawasikia.

"Mtoe," akasema Kaka.

"Mtoe wewe, wewe ndiye mkubwa!"

"Mimi siingii hapo, tumbo!"

"Na mimi mabega!"

Wanasemeshana! Nilikaa juu ya matofali nikacheka mpaka machozi yakafanya matope. Wao nao wakagundua walichofanya, wakanyamaza ghafla kama watoto waliokamatwa na kijiko cha asali.

Nilitoka pale ukuta wote ulipokuwa chini.  Nikasimama mbele yao, Mama nyuma yangu, mawifi wawili kwenye kizingiti, nikasema bila utani hata chembe. Vigae vilivyobaki kwenye chanja zako, Kaka, na vilivyobaki kwenye zako, Kitinda, ukiviweka pamoja vinatosha wodi. Vya mmoja peke yake havitoshi. Leo navipanga vyote. Kesho alfajiri nawasha. Atakayekuja kutia kuni, karibu. Asiyekuja, nitatia mwenyewe na mawifi zangu. Vikiharibika, mnilaumu mimi mpaka nife. "Na tangu sasa mimi si barabara. Mwenye neno na ndugu yake, amwambie."

Kaka aliondoka. Kitinda aliondoka, upande wa pili. Nimepanga vigae peke yangu mchana kutwa, navyo vinapokezwa kwangu na wifi mkubwa mlangoni. Yeye kazi yake ilikuwa kusema, "Wifi, umefanya," na kila kigae alichonipa alisema tena, "Umefanya."

Bado naogopa. Ila nalala na mikono iliyochoka, si kama jana.

Jumamosi, 30 Machi

Nimechoka lakini nisipoandika leo nitapasuka kuliko vigae.

Alfajiri Mama aliomba kwa kifupi, jambo ambalo sijawahi kulisikia. "Mungu, tumewasha. Amina." Nikawasha mdomo wa kushoto, wifi mkubwa akawasha wa kulia. Wifi mdogo tukamkalisha mbali na moshi, juu ya kiti, naye akajipa cheo cha msimamizi. "Wifi, kulia panafifia! Wifi, kushoto panatoa moshi mweusi!"

Tulikuwa hovyo. Nikiita, wifi mkubwa anakuja kuniuliza nimesema nini badala ya kutia kuni. Mvua ikaanza kuja kwa ubavu, inapiga mdomo wa kulia. Kaka alisimama chini ya banda, mikono kifuani. Kitinda alikaa juu ya mavunjo ya ukuta wake. Nilitia kuni na kuomba kwa wakati mmoja, sentensi fupi fupi, kila gogo na neno lake.

Kitinda ndiye wa kwanza. Alimtazama mkewe pale kwenye kiti, akainuka, akamtoa wifi mkubwa taratibu. "Shemeji, pumzika." Akachukua kulia. Nikaita, "Natia!" Akajibu, "Tia, nami natia!" Nusura nianguke kwa furaha.

Muda kidogo Kaka akanisogelea. "Mwambie mdogo wako hizo kuni ni mbichi."

Nikatia gogo. "Mdomo unao."

Akasimama. Akavuta pumzi. Akapaza sauti juu ya tanuri zima, "Kuni mbichi hizo, wewe!"

Na kutoka ng'ambo, "Njoo na kavu basi!"

Kaka alikuwa tayari amebeba mzigo wa kuni kavu, zile zake zilizonyooka, akazipeleka upande wa pili. Akarudi, akaninyang'anya koleo. "Kaa pembeni. Utaua moto wa watu." Nilikaa pembeni. Sijawahi kutukanwa nikafurahi hivyo.

"Natia!" akaita Kaka.

"Tia, nami natia!" akajibu Kitinda, vizuri, kwa sauti.

"Natia!" Kaka akarudia, sasa kwa hasira. Akanigeukia. "Umeona? Umeshuhudia mwenyewe? Kimya!"

Nilimtazama. Mvua ilikuwa juu ya bati, moto unanguruma, lakini mimi nilisikia. Mama alisikia. Wifi mdogo kule kwenye kiti alisikia. Ndipo vikaniingia vyote kwa mara moja: mgongo usiogeuka, yale maneno anayonipa mimi nimpelekee Kitinda, mimi ninayemsemesha kwa sauti kubwa uso kwa uso. Nilimshika mkono.

"Kaka, amejibu."

"Lini?"

"Sasa hivi. Na mara ya kwanza pia."

Uso wake ulibadilika polepole. Nikamuuliza taratibu, nikiwa mbele yake, "Masikio yameanza lini?"

Alitazama moto. "Tangu kiangazi. La huku limekufa, la huku linachagua." Kisha akasema, "Mtia kuni asiyesikia ni mtia kuni gani, mdogo wangu? Mtanipa kuku nichunge."

Miaka yote nilimdhania ana kiburi kama mnara, na msimu huu ndio kabisa. Kumbe alikuwa anaogopa, kama mimi. Nilitaka kumkumbatia lakini moto haungoji. Nikamwambia, "Nenda umwambie. Mimi sibebi."

Akaniachia koleo, akaenda kwa miguu yake, akazunguka tanuri. Sikusikia walichoambiana. Nilitia kuni, nikaita, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyenijibu kutoka kulia, nami sikukasirika. Wifi mdogo, aliyekuwa anawaona, alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Kaka aliporudi, ndevu za Kitinda zilitokea kwenye kona nyuma yake, zimelowa. "Dada, lete sinia!" Tukamsimamisha wifi mkubwa pale kwenye kona, mahali ambapo Kaka anamwona, na sinia la bati na mwiko. Kitinda akijibu, wifi anapiga sinia na kuinua mwiko juu. Kaka anaona, anatia. Natia! Paa! Natia! Paa! Majirani wakadhani pana harusi. Walikuja na miavuli kuuliza bibi harusi ni nani, Mama akawaonyesha Kaka, mweusi kwa masizi, upara unang'aa.

Jua lilipokuwa linazama moto ulikuwa sawa pande zote, mwekundu wa kutulia. Tukaziba midomo. Kama vimeiva au havikuiva, hakuna anayejua.

Jumapili, 31 Machi

Tanuri linapoa. Nilitaka kuchungulia. Kaka kanikataza, Kitinda kamuunga mkono. Wameungana dhidi yangu, asante Mungu.

Jumanne, 2 Aprili

Tumefungua. Niliingia mimi. Nilichukua kigae cha katikati, pale pale ulipokuwa ukuta, nikakigonga kwa kidole. Kikalia kama kengele.

Sikuweza kusema kitu. Mimi! Niliwapokeza kimoja kimoja mlangoni, navyo vililia vyote, vya Kaka na vya Kitinda, na nje nikawasikia wanabishana ni cha nani kinalia vizuri zaidi. Vichache vilikuwa na nyufa, tukaviweka kando bila kutafuta mwenyewe.

Ijumaa, 5 Aprili

Ndugu zangu wako juu ya paa la zahanati. Kaka anaezeka, Kitinda anapokeza, na wanagombana kuhusu kila kigae kwa ishara na makelele. Mkunga amesimama chini anasema wanamwamshia vichanga. Wodi imefunikwa yote. Mvua kubwa imeanza jioni, tumeingia ndani wote tukatazama dari kama watu wanaotazama nyota. Hakuna tone.

Daraja limefungwa.

Jumamosi, 6 Aprili

Kaka kakubali kwenda kupimwa masikio maji yakipungua. Kitinda ndiye atakayempeleka. Mama kamshukuru Mungu kwa sauti ambayo hata Kaka ameisikia.

Alhamisi, 11 Aprili

Uchungu ulimwanza wifi mdogo asubuhi, katika mvua ambayo huoni mkono wako. Tulimfikisha zahanati tumelowa, na mtoto hakuwa amegeuka. Mkunga aliosha mikono, akatuambia, "Huyu anakuja kwa makalio, kama mtu anayerudi nyuma. Kaeni nje, na asizimie mtu." Alimtazama Kitinda aliposema hivyo.

Tulikaa kwenye benchi la ukumbini. Mama aliomba, na leo aliomba kimya, midomo tu. Wifi mkubwa alikuwa ndani anamshika mkono. Kitinda alikuwa anatembea na kurudi. Kaka alikuwa amekaa kando ya mlango, shingo imepinda, sikio lake moja linalochagua limebanwa kwenye ubao. Mvua ilikuwa inapiga vigae vyetu juu kwa nguvu zake zote.

Nilisema na Mungu. Nilimwambia, hapa sina nyundo. Kuta zangu zimekwisha. Hapa ni mikono ya mkunga na yako.

Mama alimaliza dua, akaanza tena kutoka mwanzo. Kisha Kaka akaruka kutoka mlangoni, akaangusha ndoo, akamshika mdogo wake mabega kabla sisi wengine hatujajua kuna nini.

"Analia!" akapiga kelele. "Kitinda, mwanao analia! Huyo nimemsikia!"

Kitinda alizimia, ndiyo. Si kabisa, nusu. Kaka alimdaka, wakaenda chini wote wawili, upara na ndevu, wanacheka na kulia kwenye maji ya ndoo. Ni binti. Mama yake ni mzima, kachoka, anauliza chakula.

Nimesema dua fupi kuliko zote za mvua hii. Nimesema asante. Nilitaka kuirefusha, lakini mkunga alitoa kichwa mlangoni akasema anataka maji ya moto, haraka, nikakunja mikono ya gauni nikaenda kuwasha moto.